Uhaba wa Vitu na Asili za Mali

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, haya ni maneno machache katika ilmu ya mali, yaani ilmu itazamayo jinsi watu wapatavyo riziki zao, wazigawanyavyo na wazitumiavyo. Wengi huidhani kuwa ni ilmu ya wenye maduka na mabenki peke yao. Si hivyo. Mvuvi aamkaye alfajiri akautazama upepo, kisha akakata shauri leo atoke baharini au abaki pwani atengeneze nyavu zake, amekwisha kuingia katika mlango wake wa kwanza, ijapokuwa hajui jina lake. Na jina la mlango huo ni uhaba.

Ajue msomaji kwamba uhaba si ufukara, wala si njaa. Ufukara ni hali ya mtu asiyekuwa na cha kumtosha. Njaa ni chakula kukosekana mahali. Ama uhaba ni jambo lililo kwa kila mtu, tajiri na maskini, mfalme na raia: ya kwamba haja za mwanadamu ni nyingi, na vitu vya kuzikidhi vina mpaka, na vitu hivyo vyaweza kutumiwa kwa kazi zaidi ya moja. Mwanachuoni wa Kiingereza, Lionel Robbins, aliiweka maana iliyo karibu na hii katika kitabu chake cha mwaka 1932, na tangu hapo wenye fani hii huitegemea.

Tazama hewa. Haja ya mtu kwa hewa ni kubwa kuliko haja yake kwa maji na chakula, walakini hapana anayeiuza sokoni, kwa kuwa aliye juu ya nchi huipata bila ya mpaka. Lakini mzamia lulu akiwa chini ya bahari, pumzi moja ya hewa ile ile humshinda thamani lulu anayoifuata. Hewa haikugeuka, kilichogeuka ni kiasi chake mbele ya haja. Na tajiri ambaye fedha hazimwishi, siku yake ina saa 24 kama siku ya hamali, na saa aliyokaa barazani hakukaa nayo dukani.

Mfano ulio karibu zaidi ni mnazi. Mti huu hutoa dafu, hutoa nazi ya tui, hutoa mbata, makumbi ya kamba, makuti ya kuezeka. Na wanaougema hutoa katika mti huo huo tembo. Asiyeangalia hudhani kwamba mwenye mnazi anazo mali zote hizo kwa pamoja. Hanazo. Dafu lililoanguliwa leo halitakuwa nazi baada ya miezi. Makuti mabichi yakikatwa mengi mno, mti hudhoofika na kuzaa kwake hupungua. Na karara lililogemwa halizai, kwani maji ambayo yangekwenda katika nazi yameingia katika kibuyu cha mgema. Sharia ilipoharimisha ulevi ilikuwa na sababu zake zilizo kubwa kuliko hii. Lakini mwenye ilmu ya mali huongeza neno moja, ya kwamba gharama ya tembo si ujira wa mgema peke yake, bali ni nazi zote ambazo karara lile lingalizaa. Hicho kilichoachwa ndicho gharama ya kweli ya kilichochukuliwa. Mtu aweza kupewa kitu bure, bila ya kutoa hata senti, na bado kikawa na gharama, kwa kuwa katika kukitumia ameacha kingine.

Na uhaba hauondoshwi na fedha. Aingiaye katika nyumba kongwe za mawe za Lamu huona vyumba virefu lakini vyembamba, hata akajiuliza kwa nini watu waliokuwa na uwezo wa kununua vyombo vya Uchina walijinyima nafasi ya kupita. Sababu ni boriti. Dari za nyumba hizo hulazwa juu ya miti ya mikoko, na boriti yenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa haizidi sana mita tatu; basi upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Fedha ya mwenye nyumba ilikuwapo, lakini fedha haiwezi kuurefusha mkoko.

Asili za mali

Vitu vya kukidhi haja havishuki vikiwa tayari. Mkate uliwao asubuhi umepita katika mikono mingi. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Misri mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima yake kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kujipatia hata chakula chake cha siku moja cha ngano, kwani yataka msagaji, mkandaji na mwokaji, na kila mmoja wao ahitaji vyombo ambavyo haviwi ila kwa mhunzi na seremala na mfinyanzi. Wenye ilmu ya mali wameyapanga hayo yote katika asili nne: ardhi, kazi, rasilmali, na tadbiri.

Ardhi, katika istilahi yao, si udongo peke yake. Ni kila kitu ambacho mwanadamu hakukifanya: mvua, bahari na samaki wake, misitu, madini, na upepo pia. Majahazi ya pwani hii yalikwenda Arabuni na Bara Hindi kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na kwa sababu hiyo chombo kizima, na mtaji wote ulio ndani yake, kilifanya safari moja tu katika mwaka. Katika ardhi mna vitu vinavyojirudisha vikitumiwa kwa kiasi, na vitu visivyojirudisha. Mikoko hujirudisha, lakini kwa mwendo wake, si kwa mwendo wa mkataji. Baada ya boriti kupelekwa Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuzipeleka ng'ambo mwaka 1982.

Kazi ni nguvu ya mtu ya mwili na ya akili. Ibn Khaldun aliitukuza kuliko asili nyinginezo, akaona kwamba karibu kila pato asili yake ni kazi, hata pale ambapo kazi hiyo haionekani kwa macho. Kazi ina sifa moja ambayo asili nyingine hazina: haiwekwi akiba. Shamba lisilolimwa mwaka huu litalimwa mwaka ujao, lakini siku ya mtu iliyopita bila ya kazi haipo tena.

Ama rasilmali, hapa ndipo watu hukosea zaidi, na yafaa kukaa kidogo.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake ni kichwa cha mali, na wafanya biashara hulitumia kwa fedha ya kuanzia. Lakini katika ilmu hii rasilmali ni kitu kilichotengenezwa na watu ili kisaidie kutengeneza vitu vingine: jembe, cherehani, mashua, kinu cha kukamulia mafuta, kisima, barabara, mti uliopandwa. Na mfano wa mvuvi waonyesha kinatoka wapi. Mvuvi mwenye mshipi mmoja hupata samaki wa kula siku ile na labda wawili wa kuuza. Atakapo dema, hana budi kukata fito, kuzipasua na kuzisuka, na siku za kusuka si siku za kuvua. Siku hizo atakula nini? Ama atakula samaki mkavu aliojiwekea alipokuwa akila kidogo kuliko alivyoweza, ama atakopa kwa mtu mwingine aliyejinyima. Hapana njia ya tatu. Dema likiisha, humvulia naye amelala. Basi rasilmali ni chakula kisicholiwa jana, kilichogeuzwa kuwa chombo. Kwa sababu hii rasilmali ni nzito kuikusanya na nyepesi kuila, na dema lisilotengenezwa likioza mvuvi hurudi katika mshipi wake.

Faida. Mafakihi walizijua tafauti hizi kabla ya majina yake ya sasa. Katika zaka ya nafaka, shamba lililonyweshwa na mvua au mto hutolewa moja katika kumi. Na lililonyweshwa kwa kuteka maji, kwa mnyama au kwa gurudumu, hutolewa moja katika ishirini. Mvua ni ardhi, kipawa kisicho na gharama. Ndoo na mnyama na mtu mwenye kuteka ni rasilmali na kazi, na mwenye shamba ameziacha kazi nyingine ili awe na hizo. Kadhalika vyombo vya fundi, msumeno wa seremala na mashua ya mvuvi, havitolewi zaka kwa nafsi zake, na dhahabu iliyofichwa sandukuni ikitimia nisabu na mwaka ukaizungukia hutolewa kila mwaka hata ikapungua. Chombo kifanyacho kazi kimeachwa; mali iliyolala ndiyo iamshwayo.

Tadbiri ni ilmu na uwezo wa kuzikutanisha tatu hizo na kubeba hatari ya khasara. Nayo pia ni asili ya mali, wala si pambo. Ushahidi ulio wazi umo katika visiwa vya jirani. Vanila ni mmea wa Mexico. Ulipopelekwa kisiwa cha Réunion katika karne ya 19 ulimea ukatoa maua, lakini haukuzaa, kwa kuwa wadudu wa kwao wenye kuchanganya chavuo la ua hawakuwapo. Ardhi ilikuwapo, mimea ilikuwapo, na mikono ya kazi ilikuwapo. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa umri wa miaka 12, jina lake Edmond, ambaye baadaye aliitwa Edmond Albius, aligundua jinsi ya kulifungua ua kwa kijiti chembamba na kulichavusha kwa kidole. Ni kazi ya dakika chache kujifunza. Kutoka hapo vanila ikawa biashara kubwa ya Réunion, kisha ya Madagascar na ya Ngazija na visiwa ndugu zake. Kijiti hakikuwa na thamani. Ilmu ya kijana ndiyo iliyokuwa mali. Naye alikufa maskini mwaka 1880, nalo ni jambo ambalo wasimulizi wa faida za vanila hupenda kulipita upesi.

Tanbihi juu ya fedha

Msomaji ameona kwamba fedha haikutajwa katika asili nne. Haikusahauliwa. Fedha si asili ya mali. Ni kipimo chake na njia ya kuibadilisha. Imam al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliifananisha na kioo, ambacho chenyewe hakina rangi na huonyesha kila rangi.

Pwani hii yenyewe iliwahi kuwa sababu ya somo hilo kwa watu wengine. Katika Afrika ya Magharibi watu walikuwa wakinunua na kuuza kwa kauri, zilizoletwa kwa taabu kutoka visiwa vya Maldives. Katikati ya karne ya 19 wafanya biashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za pwani ya Unguja, zilizo kubwa kidogo, huokotwa kwa bei ndogo, wakazipakia merikebu kwa merikebu na kuzipeleka huko. Je, watu wa huko walitajirika? Viazi havikuongezeka, wala vitambaa, wala mafuta ya mawese. Kilichoongezeka ni kauri peke yake, basi thamani ya kauri ikaanguka, na aliyekuwa ameweka akiba yake ya miaka kwa kauri akaiona ikinunua kidogo kila mwaka. Wafanya biashara wachache walipata faida kubwa, na mwenye akiba alilipa faida yao bila ya kuulizwa.

Khabari ya karafuu

Hapana jambo katika pwani hii ambamo asili zote nne na gharama ya kilichoachwa zaonekana wazi kama katika karafuu za Unguja na Pemba.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Wafaransa waliuleta katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi katika karne ya 18, na kutoka huko ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan alipoona faida yake aliwahimiza wenye mashamba waupande, na yasimuliwa kwamba aliamuru kila mnazi mmoja uandamane na mikarafuu mitatu. Basi ardhi nzuri ya magharibi ya Unguja, na vilima vya Pemba, ikajaa miti hiyo.

Ardhi ile haikuwa bure. Ilikuwa ikizaa vyakula, na palipopandwa mkarafuu hapaoti mpunga. Visiwa vikawa vyauza karafuu na kununua mchele wa ng'ambo. Kwa nafsi yake biashara hii si kosa. Frasila ya karafuu ikinunua mchele ulio zaidi kuliko ule ambao pahala pale pangalizaa, mwenye shamba amepata. Lakini hesabu hiyo imejengwa juu ya bei mbili, ya karafuu na ya mchele, na zote mbili hufanywa mbali na visiwa. Kabla ya nusu ya karne ya 19 kwisha, karafuu zilikuwa zimezidi sokoni na bei yake imeanguka sana. Na mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma, mchele wa huko ulikatika, na watu wakarejea muhogo na nafaka nyingine, na mabonde yaliyosahauliwa yakalimwa tena mpunga.

Ama kazi, khabari yake ni nzito zaidi. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, huchambuliwa makonyo, huanikwa juani juu ya majamvi, na mavuno hayangoji mtu. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Wenye mashamba waliandika katika daftari zao bei ya kumnunua mtu na chakula chake, wakafunga hesabu. Hawakuandika alichonyang'anywa yule mtu: siku zake, konde lake alikotolewa, na watoto ambao angewalea huko. Gharama isiyoandikwa na mnunuzi haikuwa imetoweka. Ilikuwa imetwikwa juu ya kichwa cha mwingine. Ni dhuluma, na juu ya dhuluma ni hesabu ya uwongo, na mashamba mengi yaliyosifiwa kuwa na faida kubwa yalikuwa na faida hiyo kwa sababu ya uwongo huo. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia mkono mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1897 ikatolewa amri Unguja ya kuondosha utumwa katika sheria. Walioachwa huru wakawa na hiari, kuchuma kwa ujira, au kujilimia vyakula vyao, au kwenda mjini. Na hapo ndipo bei ya kweli ya kazi ilipoanza kudhihiri. Miti ilikuwapo imejaa maua, na wachumaji hawakutosha.

Kabla ya hayo, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu iliyo mingi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu hauanzi kuzaa ila baada ya kiasi cha miaka sita au saba, na kuzaa kwake kwa utimilifu huja baadaye sana. Mwenye mchele ulioharibika hupoteza mavuno ya mwaka mmoja. Mwenye mkarafuu ulioanguka hupoteza miaka aliyokwisha kungoja, na hana budi kuingoja tena. Bei ya karafuu ilipanda, wenye miti Pemba wakafaidika, na tangu siku zile Pemba ndiyo itoayo sehemu iliyo kubwa. Lakini wa Unguja alihitaji kula katika miaka ya kungoja, kama mvuvi asukaye dema. Aliyekuwa hana akiba alikopa, na dhamana yake ilikuwa shamba.

Deni hilo mara nyingi lilivishwa nguo ya bei khiyari: shamba huuzwa kwa sharti ya kukombolewa, na muuzaji hubaki humo akilipa kodi, na kodi hiyo kwa kweli ni riba iliyobadilishwa jina. Mavuno mabaya yakifuatana, mwenye kukomboa hakuweza kukomboa. Jambo liliendelea hatta Serikali ya Unguja ikatoa sheria mwaka 1934 ya kuzuia mashamba yasihamishwe mikono bila ya idhini yake.

Na mwisho wa khabari hii ulifanywa na tadbiri ya watu wengine. Watu wa Indonesia huchanganya karafuu na tumbako katika sigara zao, na kwa muda mrefu katika karne ya 20 walikuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu za Unguja na Pemba. Kisha wakapanda mikarafuu yao kwa wingi, na katika miaka ya 1980 zikawatosha. Mnunuzi akatoweka na bei ikaporomoka. Leo Indonesia ndiyo izaayo karafuu nyingi kuliko nchi yo yote. Udongo wa Pemba haukuharibika, wala miti haikusahau kuzaa.

Mas'ala mawili

Huulizwa: ikiwa vitu ni haba, kwa nini isiamriwe bei ndogo, ili kila mtu apate? Jawabu ni kwamba bei iliyopanda mara nyingi ni khabari ya uhaba, si sababu yake, na kumpiga mjumbe hakuleti nafaka. Yajulikana katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliombwa na watu wa Madina awawekee bei vitu vilipopanda, naye akakataa. Na kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Shafii ni kuwa haifai mtawala kulazimisha bei. Lakini madhehebu hayo hayo yameharimisha ihtikari, yaani kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili kizidi kuwa ghali. Aliyenunua wakati wa wingi akaweka, au aliyeweka mavuno ya shamba lake, hakuingia katika haramu hiyo. Tafauti ni ya fikihi na ni ya mali pia. Anunuaye wakati wa wingi huondoa chakula katika siku kisipohitajiwa sana na kukipeleka katika siku kitakapohitajiwa, kama alivyotadbiri Nabii Yusuf katika nafaka za Misri. Anunuaye wakati wa shida huondoa chakula mdomoni mwa mwenye njaa.

Na huulizwa: mtu mwenye haja ya arusi au matanga, auze mti au auze zao? Minazi ishirini ikiuzwa mitatu kila mwaka, mwaka wa saba mwenye shamba hubaki na minazi miwili, naye katika miaka yote sita aliyoipita alijiona ana fedha kuliko jirani yake aliyekuwa akiuza nazi tu. Fedha ile haikuwa pato. Ilikuwa ni rasilmali iliyovalishwa sura ya pato, na sura hiyo huwadanganya hata watu wenye akili, kwa sababu noti ya nazi na noti ya mti zafanana. Wanunuzi wa viwanja vya pwani waijua tafauti hii vizuri, na mara nyingi muuzaji haijui. Anayeuza mti mmoja mzee ili apande mitano hakula rasilmali, ameigeuza. Anayeuza shamba la babu ili kulisha wageni siku tatu, gharama ya pilau yake ni kila nazi ambayo shamba lile lingaliwaletea wanawe na wajukuu wake. Zipo haja zisizo na hiari, kama maradhi, na aliyefikwa nazo halaumiwi. Ila asiandike katika hesabu yake kwamba mwaka ule alichuma.

Aliye na mali bila ya nguvu, au aliye na nguvu bila ya mali, hakuachwa bila ya njia. Kiradhi, ambayo wengine huiita mudharaba, hukutanisha fedha ya mmoja na kazi ya mwingine, na faida hugawanywa kwa sehemu iliyojulikana tangu mwanzo, kama nusu au thuluthi. Haifai kumshurutishia mmoja wao kiasi kilichofungwa, kama shilingi mia kila mwezi, kwani huenda faida yote isizidi hiyo mia. Musakati hukutanisha miti ya mmoja na utunzaji wa mwingine kwa sehemu ya matunda. Katika kauli mpya ya Imam Shafii haisihi ila katika mtende na mzabibu, na katika kauli ya kale yajuzu katika miti yote izaayo matunda, kama Imam Nawawi alivyoieleza khitilafu hiyo katika Minhaj. Na mwenye minazi atakaye kuifanya na amwulize mwanachuoni wake kabla ya kuandikiana. Katika kiradhi khasara ikitokea bila ya uzembe wala khiana ya mfanya kazi, huwa juu ya mwenye fedha peke yake, naye mfanya kazi halipi kitu. Mwenye mali amepoteza mali yake, na yule mwingine amepoteza siku zake, ambazo hazina akiba wala fidia.